Darubini ya Bunduki ya Kahaso

Ufini, 12 Machi 2023

Mjomba wangu mpendwa Mramba,

Shikamoo. Naandika nikiwa mzima, na natumaini barua hii itakukuta nawe mzima hapo Galu pamoja na mkaza mjomba Dama. Mama aliniambia kwa simu kuwa mvua bado haijafika Kinango na mbuzi wanakwenda mbali kutafuta majani. Huku kwangu majani yako chini ya theluji inayonifika kiunoni. Mbuzi wa mama wangenishtaki.

Kazi ya uuguzi naendelea nayo vizuri. Lugha yao sasa naisikia, na wagonjwa wazee wameacha kunijibu kwa kutikisa kichwa tu. Huu ni mwaka wangu wa tatu katika mji huu mdogo, na nitakueleza jambo ambalo sijamwambia mama. Miaka miwili ya kwanza hakuna mtu aliyenialika kwake, hata kunywa kahawa. Si watu wabaya. Ni watu wenye haya, kila mmoja anangoja mwenzake aanze.

Sasa yamenipata mapya. Mwezi wa Januari aliletwa hospitalini bibi mmoja aitwaye Kaarina, gari lake limegongana na mnyama barabarani. Mnyama huyo wanamwita hirvi. Mfikirie pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, umwongeze miguu mirefu, umpe pua kama ya ngamia, na dume lake umpe pembe pana kama sinia. Hutoka msituni ghafla, gizani, na kila mwaka kuna watu hawafiki makwao kwa sababu yake. Nilimuuguza Kaarina mpaka akaweza kutembea. Kumbe yeye ndiye mkuu wa chama cha wawindaji cha hapa. Siku ya kutoka aliniuliza, "Kwenu mnawinda?" Nikamwambia kwetu uwindaji ulipigwa marufuku kabla sijazaliwa, lakini mjomba wangu amelala porini nusu ya maisha yake akiwalinda wanyama. Akanitazama sana, kisha akasema, "Basi Oktoba utakuja nasi."

Mjomba, nimekubali. Nimeanza mafunzo. Kuna mtihani wa kuandika, baadaye kuna mtihani wa kulenga shabaha. Kaarina ataniachia nitumie bunduki ya marehemu mumewe, na kibali cha polisi nimekwisha kukiomba. Bunduki ni nzuri lakini haina darubini. Ile ya zamani imeingia ukungu ndani. Muuza duka amenionyesha tatu na zote anazisifu. Moja ni kubwa kama chupa ya chai, hukuza mara kumi na mbili. Nyingine ni ya wastani. Ya tatu ni fupi, huanzia mara moja, yaani kama jicho lenyewe, mpaka mara sita.

Nisaidie kuchagua. Sina mtu wangu mwingine anayejua bunduki. Na nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ni wewe uliyenikataza kutaja silaha kwenye simu.

Mpwa wako akupendaye,
Kahaso


Galu, 16 Aprili 2023

Mpwa wangu Kahaso,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako imefika salama kwenye sanduku letu la posta pale Ukunda. Sisi hatujambo. Mvua uliyoitaja imekuja, nayo imekuja kwa fujo, imeondoa mabati mawili ya jikoni kwa mamako na kuyalaza kwa jirani. Mamako hakulalamika. Alisema mabati hurudi lakini mvua ikipita imepita. Kinango sasa ni kijani hadi macho yanauma, na yule mbuzi wake mwekundu amezaa mapacha.

Hapa hotelini kazi ni ileile. Mtu aliyelinda ndovu miaka thelathini sasa analinda mikate. Kima wa Galu wameijua saa ya chai kuliko wapishi. Juzi mmoja alishuka akatwaa yai la kukaanga kutoka sahani ya mgeni, akalikunja kama chapati, akapanda nalo mnazini, akalila huku akinitazama. Meneja ameniambia nitumie manati. Nimemjibu kwamba sijapata kumpiga mnyama kwa kosa la kuona njaa, nami sitaanza sasa. Natembea nao tu. Nikisimama, huondoka, tunaheshimiana.

Miguu yangu haijambo. Lile goti lililokuwa likiuma wakati wa baridi limetulia. Mkaza mjomba wako anapika mihogo ya nazi kila Jumapili na kila Jumapili anasema, Kahaso angekuwepo.

Vaa nguo nzito. Kula vizuri. Usiache kusali.

Ni mimi mjomba wako,
Mramba

Kahaso mwanangu, ni mimi Dama. Nimepewa barua hii niipeleke posta, nami nimeifungua. Mjomba wako aliisoma barua yako amesimama, akaisoma tena ameketi, kisha akachukua ndoo akaenda kuchota maji, na pipa lilikuwa limejaa. Mwandikie tena.


Ufini, 20 Mei 2023

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za mvua na mapacha. Habari ya kima na yai nilimsimulia Antti, dereva wa gari la wagonjwa hapa kwetu, akacheka mpaka ikabidi aegeshe gari pembeni. Bahati nzuri hatukuwa na mgonjwa.

Theluji imekwisha. Jua sasa linakataa kuzama, na watu wa hapa wamekuwa watu wengine kabisa. Majirani wananisalimu wao kwanza. Mtihani wa kuandika nimefaulu.

Lakini mjomba, nilikuuliza jambo moja, nawe ukanijibu habari za mabati, goti na mihogo. Nakujua. Najua ulimaanisha nini. Kwa hiyo wacha nikueleze vizuri, halafu useme unalotaka kusema.

Hapa kila mwaka serikali na vyama huwahesabu wanyama hawa, na kila chama huambiwa wangapi wanaweza kuchukuliwa, wakubwa wangapi na ndama wangapi. Wakiachwa wazidi, hula miche yote ya misitu na hujaa barabarani. Jike akifuatana na ndama wake haruhusiwi kuguswa. Ukimpiga umevunja sheria, na zaidi ya sheria, hakuna atakayekupa mkono tena kijijini. Nyama hugawanywa kwa wote, hata kwa wazee wasioweza tena kutembea msituni. Hakuna anayewinda ili apigwe picha.

Na bado sijachagua darubini. Msitu wetu ni mzito, na mbwa huwatoa wanyama karibu sana. Wiki iliyopita niliazimwa bunduki yenye ile kubwa nijaribu uwanjani. Nilipofyatua, ilirudi nyuma ikanipasua nyusi. Damu ilinitoka, Antti akanifunga plasta, Kaarina akasema sasa nimekuwa mwanachama kamili. Muuza duka bado anaisifu hiyo kubwa. Anasifu pia zile zenye nukta nyekundu inayowaka katikati ya msalaba wa kulengea.

Ukiniambia niache, sijui kama nitaacha. Lakini nataka kulisikia neno lako, liwe lolote. Kunyamaza kwako ni kuzito kuliko kukataa.

Wako,
Kahaso


Galu, 25 Juni 2023

Mpwa wangu,

Marahaba. Nyumbani wote wazima. Kipupwe kimeingia, na alfajiri navaa koti kwa ajili ya upepo. Usicheke, wewe unayekanyaga theluji.

Umesema kunyamaza kwangu ni kuzito, nami nakubali. Nilinyamaza kwa sababu kila nilichoandika nilikichana. Kahaso, nimekula mshahara miaka thelathini kwa kuwafuata watu wenye bunduki msituni. Nimelala kwenye nyasi zenye siafu nikiwangoja. Nimewapeleka mahakamani Kwale watu niliosoma nao darasa moja. Halafu mtoto niliyembeba mabegani kule Shimba Hills kumwonyesha palahala, yule swala mweusi wa pembe ndefu, ananiandikia, mjomba, nichagulie kioo cha bunduki. Ulitaka nijibu upesi?

Barua yako ya pili nilimsomea mamako. Tulipofika kwenye kuhesabu wanyama na katazo la jike mwenye ndama, alisema, "Kumbe huko wawindaji ndio wanaomlinda." Sikuwa nimelitazama hivyo. Sijakubali lote, lakini nilirudi nikausoma mstari huo tena.

Tena kuna hiyo plasta. Nilipoona neno nyusi, hasira zote ziliondoka, likabaki swali hili: nani aliyempa mtoto wangu bunduki bila kumpimia nafasi ya jicho? Mwambie Kaarina nimeuliza.

Sasa sikiliza. Mwaka mmoja wakubwa wetu walituletea bunduki yenye darubini. Waliichagua kwa ukubwa, kama mtu anavyochagua tikiti maji. Tukaitwa upande wa Mkongani, nyati mwenye jeraha ameingia mashambani na amemkanyaga mtu. Tulimfuata watu watatu mpaka kichaka kizito. Akainuka karibu, kama kutoka mlangoni hadi jikoni. Mwenzangu Chome ndiye aliyeshika hiyo bunduki. Akainua, akatazama, akatulia.

Nikamwambia, "Chome, piga."

Akaninong'oneza, "Mramba, naona weusi mtupu. Hiki ni kichwa au ni matako?"

Nyati alimjibu mwenyewe. Chome alipanda mkorosho akiwa na kiatu kimoja. Mimi sikumbuki nilipanda nini. Yule mwenzetu wa tatu ndiye aliyemwangusha, kwa bunduki kuukuu isiyo na kioo chochote, na alitucheka mpaka alipostaafu.

Kwa hiyo chukua ile fupi. Umesema msitu wenu ni mzito na mbwa huwatoa wanyama karibu. Darubini inayokuza sana huonyesha kidogo. Utaona manyoya, hutamwona mnyama, wala hutaona kilichosimama nyuma yake. Nimeuliza pia kwa mwingine, usidhani nategemea nyati mmoja. Kuna mama wa Kiholanzi hapa hotelini, mtazama ndege. Ana darubini mbili na amenipa zote nijaribu jua likiwa linazama. Ile inayokuza sana iliingia giza kwanza. Akanieleza kwamba ukikuza zaidi, mwanga unaolifikia jicho hupungua. Nilikuwa sijui hilo.

Kisha pima nafasi ya jicho. Lala, simama, piga goti, uvae lile koti lako nene, na kila mara kati ya nyusi na kioo kuwe na upana wa kiganja chako. Na hiyo nukta inayowaka, iache. Taa ndani ya bunduki ni mchezo wa watoto, na betri hufa.

Neno langu la mwisho ni hili. Darubini si ya kukufanya upige. Ni ya kukufanya ujue. Usipojua, shusha.

Mjomba wako,
Mramba


Ufini, 30 Julai 2023

Mjomba wangu mwema,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa zamu, nikaificha chini ya faili la mgonjwa, na nilipofika kwa Chome ilibidi nitoke nje. Kaarina nimemfikishia swali lako kuhusu nafasi ya jicho. Alisema anakuomba radhi na anataka kujua kama mkorosho ni mti mrefu.

Mama ameniambia kwa simu umemtengenezea paa lake. Asante sana.

Nimenunua ile fupi. Muuza duka alijaribu mara moja tena kunigeuza, akasema kwa ile kubwa ningeweza kuhesabu kope za mnyama. Nikamwambia sina haja na kope. Ila mjomba, katika jambo moja nimekuasi, na nakuambia mapema usije ukasikia kwa mwingine. Nimechukua yenye nukta.

Sikufanya kwa ukaidi. Kaarina alinipeleka msituni jioni, penye misonobari iliyobanana, akaniambia nilenge kisiki fulani. Msalaba mweusi, juu ya kisiki cheusi, ndani ya msitu mweusi. Sikuuona kabisa. Nilijua kisiki kipo, lakini sikujua mimi naelekeza wapi. Akawasha nukta kidogo sana, kama kichwa cha kiberiti kinachozimika, na nikajua. Nikakumbuka neno lako la mwisho, nikaona linanielekeza kuivunja amri yako ya pili kutoka mwisho. Betri ya akiba nimeshonea mfuko wake ndani ya koti.

Kuifunga juu ya bunduki kulituchukua siku nzima. Antti alishika, mimi nikakaza skrubu. Tukabishana sana: yeye anasema msalaba umelala upande, mimi naona umesimama sawa. Tukafungua, tukafunga, tukafungua. Mwisho Kaarina akatoka nje, akatutazama, akasema kilicholala upande ni kichwa cha Antti, na kimekuwa hivyo tangu akiwa shule ya msingi.

Mtihani wa kulenga nilishindwa mara ya kwanza. Nilifyatua kwa haraka, kama ninayechoma sindano yangu ya kwanza. Mara ya pili nilifikiria yule mnyama kama mgonjwa ambaye sitaki ateseke, nikatulia, na risasi zote zikaingia ndani ya duara. Kibali nacho kimetoka. Sasa nangoja Oktoba.

Niambie kama umekasirika kuhusu nukta.

Kahaso


Galu, 10 Septemba 2023

Mpwa wangu,

Marahaba. Hatujambo. Goti limerudi kuuma kidogo, lakini mkaza mjomba wako analikanda kwa mafuta ya mnyonyo huku akinikumbusha umri wangu, na sijui kipi kinachouma zaidi. Mamako ameuza beberu mmoja na amenunua mabati mapya, mazito. Anasema safari hii yakiondoka yataondoka na nyumba.

Kuhusu nukta, sikukasirika. Nilikaa nikafikiri misitu niliyoijua mimi. Ilikuwa na jua lake. Huo wako siujui. Uliyesimama mbele ya kisiki ni wewe. Betri uibebe karibu na mwili, isipoe.

Sasa niseme lililobaki. Dama ameniambia nisipolisema yeye ataliandika pembeni, na wewe unajua maandishi yake ya pembeni.

Mtu anaweza kupanga nyumba mahali, akanunua koti, akanunua hata gari, na bado akawa msafiri. Lakini mtu akiaminiwa bunduki ya marehemu na watu wa mahali, akapewa kibali, akawekewa fungu lake katika mgao wa nyama, huyo amehamia. Nilipoisoma barua yako ya kwanza sikuona kioo wala mnyama. Niliona kwamba hutarudi tena. Ndilo lililonifunga mdomo, kuliko hata ile kazi yangu ya miaka yote. Ulipoondoka pale Ukunda ulisema miaka mitatu. Mimi sikuihesabu kwa sauti, lakini niliihesabu.

Sikulaumu. Nataka tu usinifiche kama nilivyokuficha.

Na huyo Antti ni nani?

Mjomba wako,
Mramba


Ufini, 29 Oktoba 2023

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Mpe mama shikamoo yake kabla ya kumsomea haya, na umwambie aketi.

Tuliingia msituni Jumamosi ya kwanza ya msimu, kumi na mmoja sisi, wote tumevaa fulana za rangi ya chungwa kama wafanyakazi wa barabara. Kaarina alinipanga pembeni mwa bwawa la matope lililozungukwa na vichaka. Kazi yangu ilikuwa kukaa kimya. Mbwa walikuwa mbali, nasikia sauti zao zikija na kuondoka. Baridi iliingia kwenye viatu. Nilijisemea, mjomba alilala kwenye siafu, mimi nitashindwa na vidole kuganda?

Mbwa wakabadilisha sauti. Kisha hirvi akatoka. Mjomba, hakuna aliyenitayarisha kwa ukubwa wake. Alitoka bila sauti hata kidogo, mnyama mrefu kuliko mlango, akasimama ubavu wake kwangu, karibu vilevile ulivyosema. Jike, peke yake. Nilikuwa na ruhusa ya mkubwa mmoja. Niliinua bunduki, darubini nimeiacha kwenye mwanzo wake kabisa, na nukta ikakaa nyuma ya bega. Kidole kilikuwa tayari. Kwenye redio Kaarina aliuliza taratibu, "Kahaso, yuko peke yake?"

Nilikuwa karibu kujibu ndiyo. Lakini kioo kilikuwa kinanionyesha mnyama mzima, na vichaka vya mbele yake, na vya nyuma yake. Na nyuma, chini, kwenye majani yaliyokufa, jani moja lilipigwa na upepo ambao haukuwepo. Lilikuwa sikio. Halafu la pili. Ndama wawili, wamesimama wamebanana, rangi yao ni ya majani yaleyale.

Nikashusha bunduki. Nikasema kwenye redio, "Hayuko peke yake. Ana wawili."

Jike alinitazama, akageuka, akaondoka nao. Nilidhani nitajuta. Mjomba, nililia, lakini ilikuwa furaha, na machozi ya hapa huganda, ni adha. Jioni kwenye kibanda cha chama, watu wale wenye haya walikuja mmoja mmoja kunipa mkono. Mzee mmoja ambaye hajapata kuniambia neno tangu nihamie mji huu alinimiminia kahawa, akasema, "Hilo ni gumu kuliko kupiga." Kisha akanialika kwake Jumapili.

Wiki iliyofuata alitoka dume, jua limekwisha kuondoka, msitu mweusi. Bila nukta nisingejua naelekeza wapi. Nilijua. Nilipiga mara moja, na hakuteseka. Nilikaa karibu naye mpaka wengine walipofika. Sikucheka wala sikupiga picha. Nilimshukuru Mungu, na nikamwomba yule mnyama radhi kwa Kigiriama, kwa sababu lugha nyingine hazikunijia. Mgao wangu niliupika kwa nazi ya kopo, bizari na pilipili, nikaupeleka kwenye kibanda. Sufuria ilirudi imepanguswa kwa mkate.

Sasa swali lako. Hukosei. Hospitali imenipa kazi ya kudumu na niliikubali mwezi wa Agosti. Sikukuandikia kwa sababu nilijua ulichokuwa unahesabu. Nitakuwa nikija nyumbani kila mwaka, na hilo si neno la kukufariji. Tiketi ya kwanza nimekwisha kuikata, nafika Januari.

Na Antti ni yule aliyenifunga plasta, aliyeshika bunduki nikikaza skrubu, aliyekaa nami kimya kwenye gari usiku ule nilioogopa mtihani. Kichwa chake kimelala upande kweli. Ameniuliza kama anaweza kuja nami. Nimemwambia hilo si langu kulijibu, nitamwuliza mjomba.

Nimemwuliza mjomba.

Kahaso


Galu, 3 Desemba 2023

Mpwa wangu, mwana wa dada yangu,

Marahaba kwa zote ulizoleta na zilizoko njiani.

Barua yako niliipata Ukunda nikakataa kuifungua mpaka nifike Kinango, maana uliandika mama aketi. Nilipanda tuktuk hadi stendi na kutoka hapo nikaishika kifuani njia nzima kama mtu aliyebeba mayai. Tuliketi ugani, mimi, Dama na mamako, nami nikasoma kwa sauti. Nilipofika kwenye jani lililopigwa na upepo ambao haukuwepo, niliishusha barua. Dama akaichukua karatasi akaendelea, na nilipomsikia akisoma "nikashusha bunduki," nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba. Safari hii sikuchukua ndoo.

Kahaso, nimewafundisha vijana wengi kulenga. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniletea habari kama hiyo. Kazini nimeisimulia kwa kila mtu, mpishi, meneja, hata yule mama wa Kiholanzi aliyekwisha kurudi kwao nimemwandikia.

Kuhusu kazi ya kudumu, nilijua. Mamako pia. Tulikuwa kila mmoja anamficha mwenzake kile ambacho wote wawili tunakijua, na Dama anatutazama tu. Imeuma kidogo. Kisha dada yangu Kanze akasema, "Mtoto aliyepata watu wa kumpa mkono hajapotea," na tukaendelea na chai. Uje kila mwaka kama ulivyosema. Nitahesabu, safari hii kwa sauti.

Kuhusu Antti, mamako hakushangaa hata kidogo. Alisema mtu mzima hamtaji dereva wa gari la wagonjwa kila barua na yeye mwenyewe haumwi. Jibu langu ni aje. Maneno ya posa hayaji kwa posta. Aje mwenyewe, akae kwenye mkeka, aulizwe maswali na wanawake wa nyumba hii, ambao ni wakali kuliko polisi wa huko. Mimi nimeomba likizo, ya kwanza tangu niajiriwe hapa, na nitawapeleka Shimba Hills wote wawili kutazama palahala. Mlinzi wa lango ni mwanafunzi wangu, Mwero. Nimekwisha kumwambia naleta wawindaji, akanitazama kama niliyepatwa na homa.

Jambo moja limebaki. Mamako aliuliza watu wa huko husalimiana vipi, tusije tukamwaibisha mgeni. Hakuna aliyejua. Nikamwuliza msichana wa mapokezi, naye akamwuliza mgeni mmoja aliyetoka huko Ufini, akaniandikia kwenye karatasi: "Terve." Nasikia maana yake pia ni mzima, kama yetu. Nilimpelekea dada yangu neno hilo Jumapili, naye amelipenda kuliko mabati yake. Kila alfajiri anafungua zizi na kusimama mlangoni, na kila mbuzi anayetoka anaambiwa "terve," mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho.

Njooni upesi. Wale mapacha wameanza kumwitikia.

Mjomba wenu,
Mramba